Wapangaji wa Lodwar, tushike hesabu ya maji wenyewe

Wewe unayekodi Lodwar, nikuulize: mara ya mwisho uliona hesabu ya pesa za maji na taka lini? Unatuma M-Pesa kwa ajenti, tangi linakauka siku tatu na jua hili la Turkana, ukipiga simu anasema "niko njiani".

Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inawapa walionunua fleti, hata kwa lizi, shirika lao: wanachagua bodi, wanaweka ada, wanaajiri meneja. Mpangaji hana kura humo. Na kwa kuwa wengi wetu ni wapangaji, tunanyamaza.

Mimi sikubali. Nenda Kakuma uone. Kambini, wakimbizi wasiomiliki hata kipande cha ardhi wanayoishi huchagua viongozi wao wa bloku na zoni. Sisi wenye risiti za kodi tunashindwa kuchagua watu watatu wa kushika hesabu ya tangi?

Anzeni na maji tu, kodi iacheni kwanza. Mwandikieni landilodi barua moja yenye sahihi za nyumba zote: pesa za maji zikusanywe na kamati, lori la maji lilipwe na kamati, hesabu ibandikwe getini kila mwezi. Atanuna, najua. Lakini hawezi kuwafukuza nyote siku moja, maana nyumba tupu hazilipi mkopo wa benki.