Nyundo Ndogo ya Daktari

Watoto wa shule wote wajua mchezo huu: mmoja aketi mezani, miguu ikining'inia, na mwenziwe ampiga kidogo chini ya pia ya goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu waruka wenyewe, na darasa lote lacheka. Daktari naye afanya vivyo hivyo kwa nyundo ndogo ya mpira, lakini yeye hachezi. Waganga wawili Wajerumani, Erb na Westphal, waliandika habari za mruko huo mwaka 1875. Na hata leo, penye mashine za kupiga picha za ubongo, nyundo ile haijatupwa.

Kwa nini mguu huruka? Pigo lavuta kano na msuli wa paja. Habari yapita katika mshipa wa fahamu hadi uti wa mgongo, na amri ya kujikaza yarudi papo hapo, bila kungoja shauri la ubongo. Kazi ya ubongo hapo ni kama ya mzee wa nyumba: hautoi amri, hutuliza tu, mruko usizidi kiasi. Basi mguu usiporuka kabisa, daktari hudhani kwamba njia ya kati ya goti na uti wa mgongo imeharibika. Ukiruka mno, ajua kwamba sauti ya mzee haifiki.

Tufikirie wagonjwa wawili ambao jamaa zao wasema neno lilelile: «Miguu imekufa.»

Wa kwanza ni kijana aliyeharisha majuma mawili yaliyopita, akapona. Leo nyayo zina ganzi, kesho magoti yalegea, kesho kutwa na mikono. Nyundo yagonga, mguu hautikisiki. Huo waweza kuwa ugonjwa ulioelezwa na Wafaransa Guillain, Barré na Strohl mwaka 1916, walipowatibu askari wawili wakati wa vita. Mishipa mingi ya fahamu imevikwa ganda la mafuta liitwalo mielini, na kwa ganda hilo habari hukimbia mita 50 na zaidi kwa sekunde. Mwili ulioamka kupigana na vijidudu wamkosea adui, wararua ganda lake wenyewe. Habari zachelewa au zakatika njiani.

Lakini hatari kubwa haiko miguuni. Kichwani mna jozi 12 za mishipa ya fahamu: ya saba huendesha uso, ya tisa na ya kumi husaidia kumeza. Mgonjwa asiyeweza kufumba macho vema, apaliwaye na mate, au ashindwaye kuhesabu hadi 20 kwa pumzi moja, asilazwe nyumbani hata usiku mmoja. Katika wagonjwa 4, mmoja hivi huhitaji mashine ya kupumua. Aliyevuka hatari hiyo aweza kutumaini: mielini huota tena, na wengi hutembea baada ya miezi. (Mtoto aliyelegea ghafula apelekwe kwa daktari hata bila dalili hizo, kwa maana polio nayo hunyamazisha goti.)

Wa pili ni mama wa kijiji cha mihogo michungu. Jana alibeba kuni. Leo miguu imekakamaa, asimama kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Homa hana. Nyundo yamgusa tu, na mguu waruka kwa nguvu, kifundo chatetemeka. Hiyo ni konzo, neno la Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, na baadaye ilionekana hata Kivu ya Kusini, Msumbiji na Tanzania.

Ni nani aliyeifunga? Wengi humtaja jirani. Twasema waziwazi: jirani hana hatia. Soko likikaribia, muhogo uliopaswa kukaa majini siku 3 hutolewa baada ya siku 1, na sumu yake, sianidi, haijatoka. Penye maharagwe, samaki au nyama, mwili hupata nguvu ya kuivunja. Penye ugali na sombe tu, haupati. Aliyepatwa hazidiwi tena na ugonjwa, lakini miguu yake ya kwanza hairudi.

Kinga yake haina gharama. Bwana Bradbury wa Australia aliibuni, na akina mama wa Kay Kalenge, wilayani Popokabaka, waliifuata katika miaka ya 2010 na 2011. Katika muda ule wa kazi hakupatikana mgonjwa mpya. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa tabaka lisilozidi sentimita 1, kisha huachwa juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa muda wa saa 5. Sumu hutoka kama hewa. Unga huo upikwe siku ileile, ukilala, huchacha.