Afrika Kusini: avoka aliyefungulia wafanyakazi mlango

Mtu akifukuzwa kazi hapa mashariki mwa Kongo, swali la kwanza ni hili: pesa ya avoka itatoka wapi? Afrika Kusini, avoka Halton Cheadle alisaidia kulijibu.

Wakati wa ubaguzi wa rangi, sheria haikutambua sendika za wafanyakazi weusi. Migomo ya Durban ilipolipuka mwaka 1973, Cheadle, akiwa bado kijana, alikuwa upande wao. Serikali ikamupiga marufuku. Baadaye akawa avoka wa mambo ya kazi.

Ubaguzi ulipoanguka mwaka 1994, aliongoza kundi lililoandika sheria mpya ya kazi, ya mwaka 1995. Alikuwa pia kati ya washauri wa sura ya haki za raia katika katiba ya 1996. Sheria ile ya kazi ndiyo ilizaa CCMA, tume ya kupatanisha. Aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake, bila kulipa kitu, na halazimiki kuwa na avoka.

Na kwetu? Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema mgogoro wa mfanyakazi na patroni upite kwanza kwa enspekta wa kazi, ndipo uende tribinali. Ni kusema mlango upo. Asiyeujua anakopa pesa ya avoka, ama ananyamaza. Basi kazi iliyobaki ni mbili: serikali imusogeze enspekta karibu na watu, na mfanyakazi atunze mkataba na karatasi zake za mushahara, aanzie pale.