Luis Suárez Yupi Amekufa?



Jumapili moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2023, baada ya Misa, tulikuwa tumeketi mbele ya nyumba yetu pamoja na jirani, redio ikiwa juu ya kigoda katikati yetu. Msomaji wa habari, kwa sauti ile ile atumiayo kutangaza mvua na vita, alisema kwamba Luis Suárez, mchezaji mpira mashuhuri, amefariki huko Milan. Uani palikuwa na vijana sita au saba wakicheza mpira, nao wakasikia. Mngalidhani wangenyamaza kidogo, kama ilivyo desturi yetu kifo kinapotajwa. La, walipiga makofi! Mmoja akapaza sauti: «Ghana imelipwa!» Wenzake wakacheka hata wakashika mbavu.

Tulisimama ili tuwakemee. Lakini yatupasa kusema kweli yote: kabla ya kusimama, neno lile lile lilikuwa limepita moyoni mwetu, kitambo cha kufumba na kufumbua. Sisi, walimu wa watoto! Ndipo jirani yetu, mzee mwenye mvi aliyependa mpira tangu ujana wake, akauliza kwa upole: «Mwalimu, Luis Suárez yupi?»

Kwa ajili ya swali hilo tunaandika ukurasa huu.

Aliyekufa siku ile, tarehe 9 Julai 2023, alikuwa mzee wa miaka 88. Jina lake kamili lilikuwa Luis Suárez Miramontes. Alizaliwa tarehe 2 Mei 1935 katika A Coruña, mji wa bandari wa nchi ya Galicia, upande wa kaskazini-magharibi wa Hispania, ambako wazazi wake walikuwa wauza nyama. Hajatimiza miaka miwili, vita vya Wahispania wao kwa wao vilikuwa vimekwisha kuanza. Basi fahamuni jinsi watoto wa siku zile walivyokula na walivyocheza. Alianza katika timu ya mji wake, kisha akaenda Barcelona angali kijana.

Hakuwa mtu wa nguvu nyingi. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuona. Alipokea mpira katikati, akainua kichwa, akaupeleka mbali, hata ukatua mguuni pa mwenzake ambaye hakuna mwingine aliyekuwa amemwona. Kwa hiyo walimpa jina la Msanifu, yaani yule achoraye nyumba kabla waashi hawajashika mwiko. Pamoja naye Barcelona ilishinda ubingwa wa Hispania mwaka 1959 na mwaka 1960. Na mwaka ule wa 1960 gazeti la Kifaransa France Football lilimpa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Kabla yake Alfredo Di Stéfano alikuwa ameipata mara mbili, lakini yeye ni mzaliwa wa Argentina. Baada ya Suárez wanaume wa Hispania walingoja miaka 64 kamili, mpaka Rodri alipoitwa jukwaani mwaka 2024. Mzee alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1961 Inter ya Milan ilimnunua kwa lire milioni 250. Hakuna mchezaji duniani aliyekuwa amelipiwa fedha nyingi kiasi kile. Barcelona ilikuwa na madeni ya uwanja wake mpya, Camp Nou, uliofunguliwa mwaka 1957; ikauza jicho lake ili kulipia nyumba yake. Huko Milan alimkuta tena Helenio Herrera, aliyekuwa kocha wake Barcelona, nao wakafanya mambo makubwa: ubingwa wa Italia mara tatu, Kombe la Ulaya mwaka 1964 na tena mwaka 1965.

Tutazame hasa mwaka 1964. Tarehe 27 Mei, mjini Vienna, Inter iliishinda Real Madrid kwa mabao 3 kwa 1 ikachukua Kombe la Ulaya. Haukupita mwezi, tarehe 21 Juni, mjini Madrid, Hispania iliishinda timu ya Muungano wa Kisovieti kwa mabao 2 kwa 1 ikatwaa kombe la mataifa ya Ulaya. Suárez alicheza fainali zote mbili. Kombe la klabu na kombe la taifa katika mwaka mmoja: hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Na katika kalenda ya Kanisa, tarehe 21 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Aloisi Gonzaga, ambaye Wahispania humwita Luis. Hatusemi kwamba mtakatifu aliteremka kupiga mpira. Twasema tu kwamba siku ya jina ilimwangukia vema.

Huyo ndiye aliyepigiwa makofi uani petu. Alikuwa hajamkosea Mghana yeyote.

Kosa la vijana lilitoka wapi? Lilitoka katika jina, nasi tutaeleza jinsi Wahispania wanavyopeana majina, maana desturi yao ni ya akili. Mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Kisha huongezwa jina la ukoo wa baba, na baada yake jina la ukoo wa mama. Mwanamke akiolewa haachi jina la kwao, bali huwaachia watoto wake. Tangu sheria ya mwaka 1999, wazazi huko Hispania wakikubaliana waweza hata kulitanguliza la mama. Basi Miramontes ndilo jina la mama wa marehemu. Suárez maana yake ni «mwana wa Suero», mtu wa zamani sana ambaye hakuna amjuaye tena; vivyo hivyo Pérez ni mwana wa Pedro, Martínez mwana wa Martín, Fernández mwana wa Fernando. Majina ya namna hii ni mengi mno, na Wahispania waliyavusha bahari mpaka Amerika. Yeyote atakayeita «Luis Suárez!» katika soko la Madrid au la Montevideo asishangae wakigeuka watu kadhaa. Magazeti na redio, kwa haraka zao, hukata jina la mama. Wakilikata, wanakata lile lile linalomtenga mtu na somo wake, au ndoyi wake kama wengi wetu tusemavyo.

Sasa tumwendee yule mwingine, ambaye vijana walidhani amekufa.

Yeye ni Luis Alberto Suárez Díaz, aliyezaliwa tarehe 24 Januari 1987 katika mji wa Salto, kando ya mto Uruguay. Angali mdogo jamaa yake ilihamia Montevideo, mji mkuu. Wazazi wakaachana, nyumba ikawa maskini. Mpira ulimtoa huko ukampeleka Uholanzi, kisha Liverpool, na mwaka 2014 Barcelona, klabu ile ile ya mzee Miramontes. Katika miaka sita aliifungia mabao 198. Katika fainali ya Ulaya ya mwaka 2015, mjini Berlin, alifunga moja kati ya matatu yaliyoishinda Juventus. Timu ya taifa lake aliifungia mabao 69, kuliko Mruguay yeyote kabla yake, mpaka alipoiaga mwaka 2024. Asemaye kwamba huyu si mchezaji hajui mpira.

Lakini sisi Waafrika hatumkumbuki kwa mabao. Twamkumbuka kwa usiku wa tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Ghana na Uruguay walikuwa 1 kwa 1, na dakika za nyongeza zilikuwa zinakwisha. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali. Dominic Adiyiah akapiga mpira kwa kichwa, kipa akiwa amekwisha kupitwa, na pale mstarini Suárez akauzuia kwa mikono yake miwili. Mwamuzi akampa kadi nyekundu, Ghana ikapewa penalti. Asamoah Gyan akapiga. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukaenda zake. Yule aliyekuwa akitoka akilia, alipoona hivyo, alishangilia mlangoni mwa njia ya kutokea. Katika penalti zilizofuata Uruguay ilishinda 4 kwa 2. Ilitubidi kungoja hata mwaka 2022, Moroko ilipoifikisha Afrika nusu fainali huko Katar.

Kuhusu mkono ule tuna mawazo yetu, na tunajua kwamba wasomaji wengine hawatapendezwa nayo. Sheria ya mpira ilitimizwa yote: aliyekosa alifukuzwa, aliyekosewa alipewa penalti. Mwizi alikamatwa papo hapo na mali ikarudishwa mlangoni kwa mwenyewe, ikamponyoka. Wachezaji wengi, nafsi zao zikiwa pale mstarini dakika ya mwisho, wangalifanya kama yeye, na baadhi yao ni vijana wa uani petu, ambao tumewaona kwa macho yetu. Kilichotuuma ni ile furaha ya mlangoni.

Mambo mengine ni mazito zaidi. Mara tatu aliwauma wapinzani kwa meno, mwaka 2010, mwaka 2013, na mwaka 2014 katika Kombe la Dunia huko Brazili, alipomwuma Giorgio Chiellini wa Italia begani, akafungiwa miezi minne. Na mwezi wa Desemba 2011 tume ya chama cha mpira cha Uingereza ilimfungia mechi nane kwa maneno ya kumtusi Patrice Evra, mzaliwa wa Dakar, kwa ajili ya rangi yake. Suárez alikana nia ya kutukana, lakini tume haikumkubalia. Twashangaa kwamba katika vijiwe vyetu mkono wa Johannesburg hutajwa kila juma, na hukumu hii karibu haitajwi kamwe.

Walikutana tena, Ghana na Uruguay, tarehe 2 Desemba 2022, huko Katar. Siku moja kabla, Suárez aliulizwa kama ataomba radhi. Alikataa, akisema kwamba si yeye aliyekosa penalti ile. Uruguay ilishinda 2 kwa 0, lakini bao moja lilipungua ili waendelee mbele, kwa kuwa Korea ya Kusini ilikuwa imeishinda Ureno. Wote wawili wakarudi kwao. Picha ya Suárez akilia benchini, amejifunika uso kwa fulana yake, iliingia katika simu za vijana wetu wote, nao walikuwa wakiionyeshana hata siku ile ya Julai.

Tumepata pia habari moja ya zamani iliyotuchekesha. Tarehe 13 Juni 1990, katika Kombe la Dunia huko Italia, Hispania ilicheza na Uruguay mjini Udine. Kocha wa Hispania alikuwa nani? Mzee Luis Suárez Miramontes. Mruguay Rubén Sosa alipewa penalti, akaipaisha juu ya mwamba, mchezo ukaisha 0 kwa 0. Hivyo Luis Suárez wa kwanza kunufaika na penalti iliyokosewa katika mchezo wa Uruguay ni huyu mzee mtulivu, na Luis Suárez wa Salto alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Wako na wengine. Luis Fernando Suárez, Mkolombia, mzaliwa wa Medellín, alikuwa kocha katika Kombe la Dunia mara tatu kwa mataifa matatu: Ekuador mwaka 2006, Honduras mwaka 2014, Kosta Rika mwaka 2022. Luis Javier Suárez Charris, Mkolombia pia, aliyezaliwa Santa Marta mwaka 1997, ni mfungaji aliyecheza miaka mingi Hispania. Maskini, kila anapofunga bao watu huuliza kama yule mwenye meno amerudi. Na tusisahau mtu wa vitabu: Luis Suárez Fernández, aliyezaliwa Gijón mwaka 1924, mwana-historia wa karne za kati na wa enzi ya Malkia Isabel na Mfalme Fernando. Mwaka 2011 aliandika habari za Jenerali Franco katika kamusi kubwa ya Chuo cha Kifalme cha Historia, kwa upole uliowakasirisha Wahispania wengi. Hakupiga mpira, bali alizomewa kana kwamba yuko uwanjani.

Jioni ya Jumapili ile tuliwaita wale vijana tukawaeleza sehemu tuliyoijua wakati ule. Iliyobaki tumeitafuta baadaye. Yule aliyesema «Ghana imelipwa» alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mzee huyo aliacha watoto. Hatukujua la kumjibu. Jirani yetu mzee alimwambia aende nyumbani akale.

Mwingine, ambaye darasani ana ndoyi wake, na kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza sisi walimu humwita «wa Pili», aliuliza kama naye aweza kuandikwa shuleni kwa jina la mama yake. Tulimjibu kwamba kitabu cha shule si chetu peke yetu, kwamba tutauliza. Mwezi wa Septemba, siku ya kufungua shule, alikuja amekwisha kuliandika yeye mwenyewe juu ya jalada la daftari lake, kwa wino mwekundu.