Familia Nayo Ikae Kikaoni



Juma hili tunazielekea nyumba ambazo kijana wake ameanza kusikia sauti wasizozisikia wengine, au kuamini kwamba majirani wanapanga kumwangamiza. Mara nyingi ugonjwa huu hubisha hodi mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, wakati mzazi amekwisha kulipa ada na sasa anatazamia matunda. Mjomba husema amerogwa. Shangazi husema ni pepo. Daktari huandika dawa na kumwita mgonjwa anayefuata. Kijana mwenyewe haulizwi lolote.

Dawa ni za lazima kwa wengi, na kuichelewesha tiba huifanya safari ya kupona iwe ngumu zaidi. Lakini dawa humezwa nyumbani, na nyumbani kuna ndimi. Mwaka 1972 George Brown na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika London juu ya watu 101 waliotoka hospitalini wakiwa na skizofrenia. Kati ya waliorudi kwenye familia zenye lawama, uhasama au kuwahangaikia kupita kiasi, asilimia 58 waliugua tena ndani ya miezi 9. Katika nyumba tulivu ilikuwa asilimia 16. Asije mtu akasema kwamba wazazi ndio walioleta ugonjwa. Hapana! Mzazi anayelaumu mara nyingi amechoka, wala hakuna aliyemfundisha.

Mafundisho hayo ndiyo kazi ya tiba ya mazungumzo ya kifamilia. Nchini Tanzania wataalamu walichukua mtindo uliobuniwa Marekani, wakauchonga upya ulingane na maisha ya huku, wakaujaribu Dar es Salaam na Mbeya kwa jina la KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Mgonjwa na jamaa yake huhudhuria pamoja, vikao 12.

Kutafsiri maneno tu hakutoshi. Mhudumu anayecheka habari za kurogwa amekwisha kuipoteza familia. Naye kiongozi wa maombi anayeamuru vidonge vitupwe amejitwalia mamlaka ambayo Kanisa halikumpa, kwa maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inatenga waziwazi maradhi ya akili na kazi ya pepo, na kuyakabidhi kwa utabibu. Tuwaombee wagonjwa, naam, tena kila siku. Na vidonge vimezwe.

Lakini kijana asiye na ndugu, au aliyekwisha kukatiwa tamaa na ndugu zake, atakwenda kikaoni na nani? Swali hili limepata jibu Manchester, Uingereza. Profesa Dawn Edge na wenzake walitengeneza tiba ya vikao 10 kwa ajili ya watu wenye asili ya Afrika na Karibi, wakisaidiana na jamii hiyo yenyewe. Familia 26 zilianza, 24 zikamaliza vikao vyote. Aliyekosa jamaa hakufukuzwa: rafiki, mhudumu au mtu wa kujitolea alikaa mahali pa ndugu. (Wakatoliki tusishangae sana. Huko Geel, Ubelgiji, penye hija ya Mtakatifu Dymphna, familia zimewapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao tangu Zama za Kati.)

Vikao vya namna hii bado ni haba katika kliniki zetu, na kisichoombwa hakiletwi. Anayempeleka mgonjwa kliniki amwombe muuguzi azungumze na familia nzima, akiwamo yule mjomba ambaye neno lake ndilo linalosikilizwa.

Tunapendekeza pia kila jumuiya ndogo ndogo itafute watu wazima wawili, wasiopenda umbea, watakaokubali kumsindikiza kliniki kijana asiye na ndugu na kukaa naye hadi kikao cha mwisho. Majina yaletwe kwa katekista baada ya Misa ya kwanza.