Hata jaji haanzi na mkia (Sehemu ya 5)

Leo tunaongelea mkia wa mbwa. Najua mtasema nesi kaishiwa mada. Subirini kidogo.

Kuna video zinazunguka kwenye simu zetu, za maonyesho ya mbwa huko Ulaya na Marekani. Mmeziona. Mbwa mrefu, manyoya yanang'aa kama katoka saluni sasa hivi, kasimama kimya kwenye zulia la kijani. Nyuma yake mtu kavaa suti, kapiga goti, kaushika mkia kwenye ncha kwa vidole viwili na kuunyoosha mpaka uko sawa na mgongo. Manyoya yananing'inia chini kama singa za mkonge zilizoanikwa kwenye nyaya. Watoto wanazipenda hizo video, na mimi sishangai, ni nzuri kweli. Shida inaanza mtoto akiweka simu chini na kutoka uani kumtafuta mbwa wa jirani ili naye ashike mkia.

Maoni yangu nayasema mapema ili tusizungushane: mtoto mdogo asishike mkia wa mbwa. Awe mbwa wa nyumbani, awe wa jirani, awe mpole kama kondoo. Na wewe mzazi usicheke akifanya hivyo, wala usichukue simu kumrekodi.

Sasa tuongee kuhusu ule mkia wa kwenye zulia, maana ukiuelewa utaona kwa nini haufanani na wa huku kwetu.

Maonyesho haya ni ya zamani. Yale maarufu ya Crufts yalianza London mwaka 1891, siku hizi yanafanyika Birmingham. Hapo Nairobi jirani zetu nao wana chama chao, East Africa Kennel Club, kinachoandaa maonyesho ya namna hiyo. Kila aina ya mbwa ina maelezo yake ya maandishi, na mkia umo. Wale mbwa wa kuwindia wanaoitwa seta, wenye manyoya marefu, mkia wao unatakiwa ukae usawa wa mgongo au chini yake kidogo, ndiyo maana anayemwonyesha anaunyoosha vile. Pekingese na Pomeranian mkia unalazwa juu ya mgongo, halafu manyoya yanatawanywa kwa kitana mpaka yanakuwa kama shada. Collie mkia unaachwa uning'inie, ncha ikijipinda juu kidogo. Na si pambo tu. Mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo, una mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, kwa hiyo jaji akiutazama anaona pia mgongo umeishia vipi. Kisha mbwa anaambiwa atembee, mtu anauachia mkia, na hapo kitana hakisaidii tena. Mbwa mwenye hofu atauficha katikati ya miguu mbele ya watu wote.

Kitu ambacho watoto hawakioni kwenye video, na mimi nataka ukione wewe, ni jinsi jaji anavyomkaribia mbwa. Anatokea mbele. Anamwacha mbwa amwone, mara nyingi anampa mkono amnuse. Anaanza na kichwa, meno, shingo, mabega, anashuka na mgongo. Mkia unakuja mwishoni kabisa, na muda wote huo mwenye mbwa yupo palepale. Jamani, huyo ni mtu mzima aliyeshika mbwa maelfu maishani mwake, tena mbwa huyo amezoeshwa tangu mtoto kushikwa kila mahali, mdomoni, miguuni, mkiani, kidogo kidogo kila siku. Hata jaji haanzi na mkia. Mwanao wa miaka minne anaanza nao, kwa nyuma, bila kuonekana, kwa mbwa ambaye hajawahi kuguswa mkia tangu azaliwe.

Maana tuseme ukweli kuhusu mbwa wetu. Wa Handeni wengi ni wa ulinzi na wa kufuata mifugo. Mchana amefungwa mnyororo chini ya mwembe, usiku anafunguliwa, mkono wa binadamu anaujua kwa chakula na kwa jiwe. Na familia nyingi huku, kwa sababu za dini, hazimgusi mbwa kabisa. Silaumu, ni imani na inaheshimiwa. Ila matokeo yake mtoto anakua karibu na mbwa bila mtu wa kumfundisha mbwa anasemaje, halafu simu ndiyo inamfundisha.

Na simu inamfundisha vibaya. Inamwambia mbwa akitikisa mkia amefurahi. Si kweli hivyo. Mbwa akitikisa mkia anasema nimeguswa na kitu, basi. Mkia uliolegea, unaoenda huku na huku mpaka kiuno kinacheza, huo mara nyingi ni furaha. Mkia uliosimama juu, mgumu kama fimbo, unatikisika haraka haraka kwa ncha tu, huyo mbwa yuko tayari kwa lolote. Mkia ulioingia tumboni ni hofu, na mbwa mwenye hofu anauma pia. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia unaelekea zaidi upande wake wa kulia, na akikutana na mbwa mgeni mbabe unaelekea zaidi kushoto. Sasa mtoto wa chekechea utamwambia apime hayo saa ngapi?

Tena manyoya marefu yanaongeza ugumu. Naona siku hizi watu wa mjini wananunua hawa mbwa wa manyoya, watoto wanawaita madoli. Manyoya yanafunika ule ugumu wa mkia, wewe unaona bendera nzuri inapepea, chini yake misuli imekaza. Aina ambazo mkia unalala mgongoni muda wote ndiyo kabisa, huwezi kujua umepanda kwa hasira au ndivyo ulivyozaliwa. Mtazame mwili mzima: masikio yamelala nyuma, mdomo umefungwa ghafla, weupe wa jicho unaonekana, mwili umeganda. Ukiona hivyo mwite mtoto taratibu arudi kwako. Usipige kelele.

Kwa nini nesi anahangaika na haya? Kwa sababu ya urefu wa mtoto. Mtu mzima mara nyingi anaumwa mguuni. Mtoto mdogo akivuta mkia, mbwa akigeuka, kinachokutana na meno ni uso, kichwa, shingo. Na kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu yanatoka kwa mbwa, na kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hospitali hatuna cha kumrudishia mama mwanawe. Na msisubiri povu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuwa mkimya, amelegea tu, hata mkia umelala, mtoto akadhani anaumwa tumbo akaenda kumbembeleza.

Kama tayari una mbwa wa manyoya marefu, sikukatazi kumpendezesha. Ila kazi ya mkia ni ya mtu mzima. Pori la huku lina kishonanguo na mbigili, mbwa akipita mara moja mkia unarudi umejaa. Lowesha manyoya kidogo, usichane makavu yatakatika. Shika fungu karibu na ngozi ili usimvute, anza nchani ndipo upande juu. Chini ya mkia punguza manyoya kwa mkasi butu, kwa sababu kinyesi kinaganda pale, na kinyesi cha mbwa kinabeba mayai ya minyoo ambayo mwisho wake ni mdomoni kwa mtoto anayetambaa. Tafuta kupe hukohuko. Dawa ya minyoo usiikose, hasa kwa watoto wa mbwa. Ukimaliza, sabuni na maji mikononi.

Kuna jambo moja linanikera, niseme tu. Mtu ana shampuu ya mbwa, kitana cha mbwa, hata kiriboni cha kufunga mkiani wakati wa kupiga picha. Ukimuuliza kadi ya chanjo ya kichaa, anakuangalia. Dada yangu, anza na chanjo, nenda kwa afisa mifugo wa kata yako, hata kama mbwa ni koko wa elfu kumi. Chanjo inafanya kazi. Pemba ugonjwa ulishaondoka, ukarudi mwaka 2016, wakachanja mbwa, kufikia 2018 ukawa umetokomezwa tena. Hawakuhitaji mbwa mmoja mwenye mkia uliochanwa.

Sheria za watoto nyumbani kwangu ni chache. Mbwa akila, akilala, akiwa na watoto wake, au akiwa kwenye mnyororo, hatumsogelei. Mbwa wa mtu, mwulize mwenyewe kwanza. Akikubali, mwite mbwa aje yeye, asipokuja ndiyo jibu. Akikufuata mbwa usiyemjua, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, usimkazie macho.

Na ikitokea ameuma, au amekwaruza kwa jino hata kama ni kidogo, usipake mafuta ya taa, usipake pilipili wala tumbaku. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, tazama saa, mtoto atalia mwache alie. Halafu kituo cha afya siku hiyohiyo. Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa, kwa hiyo mmoja aoshe, mwingine apige simu kuuliza iko wapi. Sindano ni zaidi ya moja, na tarehe utakazoandikiwa zifuate zote, hata kama kidonda kimepona na mtoto anacheza. Na ukifika, tuambie mbwa ni wa nani, kama yupo na anaendeleaje. Hatutakugombeza kwamba mtoto alivuta mkia.

Sehemu ya 6 ni paka na mama mjamzito. Maswali yenu nimeyaona, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.