Kipande cha Somanga-Mtama

Barabara ya kusini ni ndefu, lakini uhai wake umo katika vipande vifupi. Kimojawapo ni kile cha Somanga-Mtama, wilayani Kilwa. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ilikatika Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam. Aprili 2025 maji yakaikata tena, papo hapo Somanga-Mtama.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni la wenye magari. Sivyo. Mkazi wa Songosongo anaposhusha samaki na pweza mashuani, mali yake haijafika sokoni. Bado ina safari ya lami. Mgonjwa wa kisiwani anayepelekwa hospitali za Dar es Salaam hupita njia hiyo hiyo. Gesi ya Songosongo, iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, ina bomba lake. Wananchi wanaoishi jirani na visima vyake hutegemea barabara hii. Ikikatika, gari halina budi kuzunguka Songea na Njombe.

Chanzo si fumbo. Barabara imefuata pwani, na maji ya mvua hutoka bara kwenda baharini, lazima vikutane. Penye karavati jembamba, magogo na tope huziba tundu, tuta hugeuka bwawa, na maji hupita juu yake na kulimega. Kumwaga mawe na kifusi huwapitisha wasafiri kwa muda, lakini hakuyapi maji pa kupita.

Tunawapongeza mafundi waliohangaika kurejesha mawasiliano katika miaka hiyo miwili. Hata hivyo, taifa lililojenga Daraja la Mkapa katika mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, halistahili kushindwa na vijito. Ni wajibu wa wahusika kuhakikisha kwamba kila daraja linapimwa kwa mafuriko ya 2024 na 2025; kwamba makaravati yanasafishwa kabla ya masika; na kwamba wazee wa Somanga, wanaojua mapito ya maji, wanaulizwa kabla ramani haijachorwa.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeona uchungu kutoa fedha za daraja leo atazitoa kesho kwa kifusi, na keshokutwa atazitoa tena.