Tajiri, hiyo mashine unayoinunua ndiyo inayokukatia stadi

Wadau, kimya changu kilikuwa kirefu, mnisamehe. Kazi za gazeti mnazijua: leo uko bungeni, kesho uko kwenye mafuriko. Nimerudi nikiwa na hasira, na leo hasira zenyewe si za siasa. Ni za nati.

Ndiyo, nati. Nati za magurudumu ya malori. Anayetaka siasa apite wiki ijayo.

Ilianza hivi. Baba mdogo wangu ana malori mawili, Scania la kuvuta trela na Fuso la siku nyingi. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe umesoma, nenda Gerezani ukanichagulie mashine ya upepo ya kufungulia nati. Nataka ile yenye nguvu kuliko zote, mafundi wamenichosha." Mimi nimesomea uandishi wa habari. Lakini kwenye ukoo wetu ukishavaa joho siku moja ya mahafali, basi unajua kila kitu kuanzia dawa ya kuku hadi kompresa. Nikaenda.

Muuzaji wa kwanza akanionyesha boksi. "Hii kaka ni 2,500. Hii hapa 3,200, hii ndiyo ya malori." Nikamuuliza 3,200 ya nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji ni ya nini. "Nguvu, kaka." Muuzaji wa pili hivyo hivyo. Wa tatu naye, ila yeye aliongeza kwamba tajiri mmoja alichukua tatu kwa mkupuo asubuhi ile. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza lori ni la aina gani, stadi zake ni za unene gani, au kompresa niliyonayo ni ya ukubwa gani. Unanunua namba, unabeba, unaondoka.

Basi nikaacha kununua, nikaanza kuuliza, maana ndiyo kazi ninayolipwa (kidogo). Nimekaa na mafundi wa Kimara na Kibaha, nimesoma vitabu vya magari ambavyo matajiri wenyewe hawajawahi kuvifungua, na nimetoka na neno moja ambalo najua litawaudhi baadhi yenu: ninyi wenye malori mnanunua mashine ya kuwaharibia magurudumu, halafu yakichomoka mnamlaumu dereva.

Hebu twende taratibu. Hiyo namba kwenye boksi ni Nm, kipimo cha mkazo, yaani nguvu ukiizidisha kwa urefu wa mkono wa spana. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja lililolala sawasawa, anatoa karibu 690 Nm. Shikeni hiyo namba. Malori mengi ya Ulaya yenye stadi za milimita 22, nati kumi kwa gurudumu, yanataka nati zikazwe kati ya 600 na 700 Nm tu. Kitabu cha lori lako kitakupa namba yenyewe. Kwa hiyo utingo wa kilo 70 na bomba lake la mita moja, asiyejua hata herufi moja ya fizikia, anakaribia kipimo cha kiwandani kuliko fundi mwenye mashine ya 3,200 anayeikandamiza mpaka isimame yenyewe.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mashine ya kugonga imetengenezwa kwanza kwa kufungua. Namba kubwa waliyoiandika kwenye boksi mara nyingi ni ya upande wa kufungua, na wameipima kiwandani upepo ukiwa kamili. Kwenye kukaza, hakuna anayejua imetoa ngapi. Inategemea upepo uliokuwepo dakika ile, soketi imelika kiasi gani, fundi ameshikilia sekunde tatu au kumi, kashiba au ana njaa. Gurudumu moja lina nati kumi na kila nati ina mkazo wake.

"Si bora izidi kuliko ipungue?" Hilo swali nimeulizwa gereji nne tofauti. Hapana jamani, si bora. Stadi ni kama springi ngumu sana: unapokaza nati unaivuta inarefuka kidogo mno, na ule utashi wake wa kurudi ndio unaobana ringi kwenye haba. Ukiivuta kupita kiasi chake inarefuka moja kwa moja, hairudi tena. Kwa macho ni nzima, nati imekaa, fundi amelipwa. Lakini haibani ipasavyo. Stadi moja ikilegea mzigo unahamia kwa jirani zake, nao wanaanza kuchoka, na siku moja lori lina tani 30 za saruji mgongoni zinakatika kwa mfuatano.

Kuna kitu kingine ambacho kilinishangaza zaidi. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayozungushia nati inaliwa na msuguano, kwenye nyuzi na chini ya nati. Kinachobaki ndicho kinachobana. Sasa nyuzi zikiwa na kutu na uso wa ringi una matope na rangi nene waliyopiga juzi ili lori lionekane jipya, mashine italia weee, fundi ataridhika, kumbe nguvu yote imeishia kwenye kutu. Ukienda kilomita kadhaa ile rangi na matope vinasagika, nati iko pale pale lakini imelegea. Ndiyo maana unaambiwa urudi kukagua mkazo baada ya kilomita 50 hadi 100. Inyosheni mikono mnaofanya hivyo. Naona mkono mmoja tu, tena ni wa dereva.

Halafu kuna huu mduara wa kipumbavu. Nati iliyokazwa na mashine kubwa haifunguki kwa spana ya kawaida. Basi tajiri ananunua mashine kubwa zaidi ya kufungulia. Fundi anaitumia hiyo hiyo kukazia. Safari ijayo hata hiyo inashindwa. Wauzaji wa Gerezani wanashangilia.

Anayelipa ni nani? Mwaka jana nilipanda lori kwenda Mbeya kwa ajili ya makala ya maisha ya madereva. Tukapata pancha usiku, kabla hatujaupandisha Kitonga. Dereva akakata matawi akayatandaza barabarani, utingo akatoa spana ya magurudumu na bomba. Nati mbili zikafunguka. Ya tatu ikagoma. Akaning'inia, akaruka juu ya bomba mara moja, mara mbili, mara ya tatu spana ikachomoka na kijana akaangukia lami na mkono wake chini. Kifundo cha mkono kikavunjika, nilikisikia. Nati zile zilikazwa wiki moja nyuma kwenye gereji moja pembezoni mwa Dar es Salaam ambayo ina mashine ambayo kila mtu anaisifia. Tulikaa pale mpaka kunapambazuka, malori yakitupita kwa sentimita chache. Tajiri alipopigiwa simu, la kwanza kuuliza lilikuwa mzigo.

(Hapa na sisi waandishi tujiangalie. Tunaandika "gurudumu lilichomoka" kama vile gurudumu lilichoka kazi likaomba likizo. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo, nadhani mara tatu. Sikuuliza lilifungwa lini, na nani, kwa kitu gani. Nikaweka "mwendo kasi" nikaenda kula.)

Na msidhani ni umaskini wetu. Japani, wanakotoka hawa akina Fuso na Isuzu, wizara yao inayoshughulikia uchukuzi inatoa taarifa za magurudumu ya malori na mabasi yanayochomoka kila mwaka. Matukio mengi yanajikusanya miezi ya baridi, baada ya watu kubadilisha matairi kuweka ya theluji. Yaani si kwamba chuma kinajichokea tu. Gurudumu linachomoka baada ya mtu kulifungua na kulifunga. Tena mengi ni ya nyuma kushoto.

Msinielewe vibaya, sisemi kila kosa ni la fundi. Januari 2002 kule Yokohama gurudumu la lori la Mitsubishi Fuso lilichomoka likamuua mama aliyekuwa njiani na watoto wake. Kampuni ikasema wenye malori hawafanyi matengenezo. Mwaka 2004 ikakiri kwamba haba zenyewe zilikuwa na kasoro. Kwa hiyo wakubwa nao husingizia. Ila huku kwetu bado hatujafika mahali pa kumbishia mwenye kiwanda, maana hatuna hata ushahidi kwamba tulikaza kwa kipimo.

Haya, mtaniuliza, mwandishi, sasa tununue nini?

Nunueni mashine ya inchi moja, hiyo sibishi. Ya nusu inchi ni ya gari dogo, ya robo tatu itahangaika kwenye nati yenye kutu. Shingo iwe ndefu, kwa sababu nati za magurudumu pacha ya nyuma zimezama ndani, na ukiunganisha vipande vya kurefushia kila kiungo kinakula pigo. Lakini 3,200 huihitaji. Kwa nati iliyokazwa 650, mashine inayotoa kweli nusu ya hapo inatosha na chenji inabaki. Neno ni "kweli". Nimeona mashine za bei mbaya zimefungwa kwenye mpira mwembamba wa kujazia upepo, halafu watu wanasema Mchina katuuzia takataka. Mashine ya inchi moja inataka mpira wenye tundu la milimita 19 na kompresa yenye tangi la maana, na presha ya baa 6 na kidogo ipimwe pale kwenye mashine wakati inafanya kazi, si kwenye saa ya tangi ikiwa imepumzika. Mpira mwembamba unakula nguvu yote njiani. Ukiwa na shilingi ya ziada, iweke kwenye mpira kabla ya kuiweka kwenye namba. Na maji ya kwenye tangi myatoe kila siku, jamani, yanaozesha mashine.

Soketi iwe ile nyeusi nene ya pembe sita, iliyotengenezwa kwa ajili ya kugongwa. Ile inayong'aa ya kwenye seti ya mkono inaweza kupasuka na kipande kikaingia machoni.

Wenye Fuso za zamani, nyie mna mambo yenu. Nyuzi za upande wa kushoto zinafungukia kinyume. Tazama mwisho wa stadi, kuna herufi L. Magurudumu pacha yana nati mbili, ya nje ya milimita 41 na ya ndani yenye kichwa cha mraba cha 21, na ya ndani ikiwa imelegea, kukaza ya nje ni kujidanganya. Kijana mgeni na mashine kubwa, hajaangalia herufi, anakandamiza kufungua kumbe anakaza. Stadi inalia "ta!" na yeye anasema ilikuwa mbovu.

Ya barabarani? Mashine ya betri ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Usipoweza, kuna kile kichombo cha gia cha kuzungusha kwa mkono, kinachozidisha nguvu mara hamsini na kitu. Ni cha polepole, kinachosha mkono, lakini hakitaki umeme wala upepo na hakuna anayeruka juu ya bomba. Kingekuwepo Kitonga ningekuwa na makala tofauti. Upepo wa lori lenyewe ni wa breki, unajaza tairi lakini hauwezi kulisha mashine ya inchi moja nati kumi.

Na sasa kitu ambacho hakuna muuzaji aliyenitajia mpaka nilipotaja mimi: spana ya kupimia mkazo. Ndefu, ina namba, ukifika kipimo inagonga "tik" unaacha. Mashine inafungua, na wakati wa kurudisha inasogeza tu nati mpaka ziguse, kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Kisha spana inamalizia. Umeshapiga brashi ya waya kwenye ringi na haba, na nyuzi umezitia oili au umeziacha kavu kama kitabu kinavyosema. Chukua namba ndogo kwenye mashine, pesa iliyobaki nunua hiyo spana. Tajiri mmoja akanijibu muda ni hela. Nati kumi kwa spana hiyo ni dakika chache. Kukaa na lori Kitonga usiku kucha ni muda wa nani?

Jana nikampigia baba mdogo, shikamoo, nikamweleza yote haya, dakika kama ishirini. Akanisikiliza vizuri kabisa. Mwishoni akauliza swali moja: "Hiyo spana ya kupimia, inafungua?" Nikamwambia hapana baba, ukifungulia unaiharibu. Akasema sawa mwanangu. Jioni hela ikaingia kwenye simu. Inatosha mashine peke yake, ile ya 3,200. Jumamosi napanda basi kwenda Kibaha nikamwone uso kwa uso.